Kompyuta Isiyochoka ya Shemdoe

Siwema alikuwa mchapaji wa kadi za harusi mjini Tanga. Kila programu mpya ya kadi ilipotoka, kompyuta yake iligoma kuipokea, na Shemdoe, tajiri wa duka la kompyuta, alikuwa na jibu lile lile: "Hiyo imechoka, dada. Nunua mpya."

Safari hii Siwema alikaza. "Na hii unayoniuzia si itachoka vilevile?"

"Hii? Hii ni mwisho wa reli, haichoki!"

"Basi ahidi mbele ya wateja wako. Siku wewe mwenyewe ukisema imechoka, unanipa mpya bure."

Shemdoe alicheka. Kufunga mdomo wake tu kungemshinda? Akaahidi kwa sauti, na Siwema akanunua.

Msimu wa harusi uliofuata programu mpya ikatoka, na kompyuta ikagoma. Jumamosi, duka likiwa limejaa, akaingia mama mmoja mtu mzima, kabeba kompyuta ndani ya kanga.

"Mwanangu, ile programu mpya itaingia humu?"

Shemdoe aliitupia jicho moja tu. "Mama yangu, hiyo imechoka! Chukua mpya."

Mama akageukia mlangoni. "Siwema, njoo! Ameshasema."

Siwema akaingia akitabasamu. "Ahsante, shangazi. Kaka Shemdoe, hiyo ndiyo ile uliyoniuzia."

Wateja waliangua kicheko. Shemdoe hakuwa na pa kutokea, akamfungia mpya, lakini ulimi wa biashara ukamponyoka: "Ila hii sasa, dada, ndiyo mwisho wa reli!"

"Nimefurahi kusikia," alisema Siwema. "Basi ahadi yetu ibaki palepale."