Chumvi ya Chiku na Ukuta wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo mmeizoea, mnaitikia huku mnasinzia. Leo nikisema "Ukuta!" nyinyi semeni "Usimame!" Haya. Ukuta!

Usimame!

Ukuta!

Usimame!

Ukuta ungekuwa unasikia maneno, ningewaacha muitikie mpaka kuche. Sogeeni huku katikati. Wewe Mwanatumu, toka kwenye ukuta huo, njoo ukae mkekani na wenzio. Usininunie. Njoo.

Hapo kale palikuwa na mji wa wanyama, mji wa Kichuguuni. Mji mdogo, lakini una Baraza, na Baraza lina Mwenyekiti, na Mwenyekiti ni Kiboko. Walimchagua kwa sababu ana mdomo mkubwa. Walidhani mdomo ule ni wa kuwasemea. Kumbe ni wa kula. Madiwani wake walikuwa Kanga na Nyumbu, wale wanaosema ndiyo kabla hawajaulizwa.

Kazi za Baraza zilikuwa kujenga vya watu wote na kuangalia majengo yasiue watu. Mkaguzi wa majengo alikuwa mzee Kobe. Nyumba ikiwa mbovu, Baraza huipiga X kwa udongo mwekundu, na ikishapigwa X haingii mtu tena mpaka ibomolewe. Ndiyo sheria. Na X zilipigwa, jamani, msidhani hazikupigwa! Kiota cha Kwale kilipigwa X. Shimo la Nungunungu lilipigwa X. Kulikuwa na Pimbi, mama mjane, anakaa pangoni na binti zake. Pango la jiwe tupu, lipo pale tangu Mungu aumbe dunia. Nalo likapigwa X, eti halina ramani. Pimbi akabeba watoto wake, akahamia kwenye ufa wa jiwe la pili.

Lakini majengo ya Baraza lenyewe? Thubutu! Hata moja halikupigwa.

Basi wanyama wakataka soko. Kila mmoja akaleta mchango wake: huyu nguzo, huyu fito, huyu kamba, na wote wakaleta nyasi. Mnajua nyasi za nini? Udongo wa kukandika lazima uuchanganye na nyasi ndipo ushikane. Bila nyasi ni uji uliokauka tu. Na nyasi zile, lundo zima, akakabidhiwa nani? Kiboko! Ee, chekeni. Mwenyewe alijitolea kusimamia ujenzi. Kila jioni anamuaga mkewe, anasema anakwenda kulinda nyasi za umma, na ukipita karibu unasikia nyamu! nyamu! nyamu!

Ukuta ukakandikwa kwa udongo mtupu. Juu wakaupaka chokaa, mweupe pe! Baraza likakaa.

"Mheshimiwa Mkaguzi, umekagua?" akauliza Kiboko.

"Nimekagua, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Kobe.

"Limesimama?"

"Limesimama, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Basi pigeni makofi."

Pa! Pa! Pa!

Sasa, binti za Pimbi walikuwa Chiku na Tunu. Tunu bado mdogo, hata meno hayajatimia. Chiku ndiye mkubwa, mdomo haufungi, anaongea mpaka na mawe. Siku moja mama kainjika mboga, kutazama, chumvi hakuna.

"Chiku mwanangu, kimbia sokoni ukaniletee chumvi. Usichelewe, mboga iko motoni."

"Sichelewi, mama. Kwenda nitaimba, kurudi nitanyamaza, nisije nikaimwaga."

Akaenda, papapapa! Mboga ikachemka. Mboga ikaiva. Mboga ikaanza kushika chini ya chungu. Ndipo ikasikika huko sokoni: guruguruguru, PUU!

Siku hiyo mvua haikunyesha. Hata upepo haukuvuma. Ukuta ulichoka tu, ukalala.

Chiku walimtoa chini ya udongo alasiri. Mkononi kashika chumvi, imefungwa kwenye jani, haijamwagika hata chembe. Pimbi aliipokea ile chumvi, akaichomeka kwenye ufa wa jiwe, na tangu siku ile akawa anapika bila chumvi. Hapa mimi huwa nashindwa kuendelea. Ngojeni nimeze mate.

Haya. Baraza likakaa kutafuta nini kimeangusha soko.

"Mvua," akasema Kiboko.

"Mvua haikunyesha, Mheshimiwa," akasema Pimbi. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kajifunga kaniki yake ya msiba.

"Mvua ya mwaka jana. Ilijificha ukutani. Tena watoto wa siku hizi wana tabia ya kuegemea kuta. Baraza linawapa pole wafiwa, na linawaonya watoto. Pigeni makofi."

Pa! Pa! Pa! Mtu kafiwa na mwana, wanampigia makofi. Laiti ningekuwepo, wangenijua.

Kobe alikuja matangani, kwacha... kwacha... Mpaka anafika, wenzake wote wameshaondoka. Akakaa chini mbele ya Pimbi.

"Pole, Mama Chiku."

"Asante, mzee wangu. Niambie neno moja tu, nipate usingizi. Ulipokwenda kulikagua soko, ule ukuta uliuonaje?"

Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatokea humohumo.

"Sikufika, Mama Chiku. Miguu yangu si unaiona? Natoka kwenda kukagua, kabla sijafika nusu ya njia Baraza linaitwa, nageuka. Nikiulizwa, nasema nimekagua. Nikisema sikukagua, kazi sina."

"Na wale wengine?"

"Wao hata njia hawaijui."

Pimbi hakumtukana. Alimtazama, akaliweka neno lile moyoni, akamletea maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni.

Haukupita muda mrefu, Baraza likatangaza kujenga shule. Watoto wote waingie siku ya ufunguzi, na mzazi atakayemficha mwanawe atafukuzwa mjini. Na msimamizi wa ujenzi? Semeni nyinyi. Ehee! Kiboko. Nyasi zikaletwa, lundo zima. Nyamu! nyamu! nyamu! Ukuta ukakandikwa kwa udongo mtupu. Juu wakaupaka chokaa, mweupe pe! Pimbi akaenda kuukwaruza kwa ukucha, ukamwagika vumbi mkononi mwake. Unyasi hata mmoja hamna. Akatazama ndani, akaona mahali Tunu atakapokaa, chini ya ukuta uleule.

Akakimbilia barazani.

"Wazee wangu, nawashika miguu. Njooni mkautazame ukuta wa shule. Hauna nyasi."

"Kwani wewe umesomea majengo?" akauliza Kanga.

"Sikusomea. Nimezika."

"Toka nje!" akasema Kiboko. "Kesho tunakwenda kukagua, Baraza zima, na mimi mwenyewe naongoza."

Kweli, kesho yake Baraza likatoka. Likafika kwenye kivuli cha kwanza, wakakuta wameandaliwa chakula cha wakaguzi. Wakakaa. Wakala. Wakashiba. Wakalala, khooo! khooo! Walipoamka jua limeshapoa, wakarudi mjini kifua mbele.

"Tumekagua!" wakatangaza. "Kila ukuta tumeutazama, ndani na nje! Shule imesimama!"

Nao walipokuwa wamelala, mchana ule wa jua kali, Pimbi alikuwa kwenye kaburi la Chiku. Kaburi lilikuwa bado jipya, udongo wake mwekundu. "Niazime kidogo, mwanangu," akasema. Akachota, akaulowesha. Kwa maji au kwa machozi, mimi sikuwepo. Akaenda nao mpaka shuleni. Na pimbi kwa kupanda hana mwenzake. Akapanda. Fyuu! mstari wa kwanza. Fyuu! mstari wa pili. X, kutoka paani mpaka chini.

Siku ya ufunguzi ikafika. Wazazi wote wapo, watoto wameogeshwa wanang'aa. Pimbi kamshika Tunu mkono, kamshika mpaka mtoto anasema mama unaniumiza. Kiboko akaja mbele, madiwani nyuma, Kobe nyuma kabisa. Kufika, wanaikuta X hiyo, nyekundu, juu ya chokaa.

"Nani kapiga alama hii?" Kiboko akanguruma. "Uhuni huu! Ifutwe sasa hivi!"

Pimbi akapiga goti.

"Samahani, Mheshimiwa, mimi mjinga nauliza tu. X hupigwa na nani mji huu?"

"Na Baraza! Nani mwingine ana ruhusa?"

"Na juzi si Baraza lilitazama kila ukuta, ndani na nje?"

"Lilitazama!"

"Basi, wazee wangu, mliiona au hamkuiona?"

"Haikuwepo!" akadakia Nyumbu.

"Ilikuwepo," akasema Nungunungu, yule aliyepigiwa X shimo lake. "Nilipita hapa juzi mchana, nikaiona kwa macho yangu haya. Au nyinyi hamkufika?"

Mmeona walivyonasa? Wakisema hawakuiona, basi hawakuja. Wakisema waliiona, basi ni yao. Kanga akamtazama Nyumbu, Nyumbu akatazama kwato zake. Kiboko, jasho linamtoka, akamgeukia Kobe.

"Mheshimiwa Mkaguzi, umekagua?"

"Nimekagua, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Limesimama?"

Kobe akaitazama X. Akamtazama Pimbi. Akamtazama Tunu, kashikwa mkono. Safari hii kichwa hakukirudisha ndani.

"Halikusimama, Mheshimiwa Mwenyekiti. Si tuliona sote?"

Kanga hataki kupitwa. "Niliona! Tena mimi ndiye niliyeona wa kwanza!"

"Mimi kabla yako!" akasema Nyumbu.

Pimbi akainuka, akapaza sauti. "Na aliyewaongoza ni Mwenyekiti! Nyumba kaisimamia mwenyewe, na X kaipiga mwenyewe, kwa ajili ya watoto wetu! Mwenyekiti kama huyu tutampata wapi? Pigeni makofi!"

Pa! Pa! Pa!

Kiboko akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye. Watoto kwanza."

Wazazi wakawashika watoto wao, wakarudi nao nyumbani wazima.

Kiboko akabaki peke yake na hasira zake. Akasema moyoni, udongo tu huu, naufuta, kesho nasema tumekagua upya. Akageuza ubavu, akaanza kujisugua ukutani. Gwaru! gwaru! gwaru! Guruguruguru, PUU!

Hakufa. Wakubwa hawafi kirahisi. Alijichomoa kwenye kifusi, akatimua mbio mpaka mtoni, akazama mpaka puani, na mpaka leo anashinda humo, kwa sababu mto hauna paa la kumwangukia. Nyasi bado anakula.

Baraza likakaa kutafuta nini kimeangusha shule. Likasema ni mvua. Kisha pale pale palipoanguka wakasimamisha jiwe, wakapaita Uwanja wa Kiboko, shujaa aliyewazuia watoto wasiingie. Jina la Chiku hawakuliweka popote.

Mbona mnashangilia? Sijamaliza.

Pimbi alifika nyumbani na Tunu wake, akainjika mboga. Ilipoiva, akaenda kwenye ule ufa wa jiwe, akalitoa lile jani, akalifungua. Akatia chumvi. Tunu akaonja, akalamba vidole.

"Mama, leo imekolea! Chumvi umeitoa wapi?"

"Dada yako kaleta."

"Mbona amechelewa hivyo?"

Pimbi alimwongezea mboga, akatoka nje, akapanda juu ya jiwe, ndipo akalia kilio chake chote. Akasema, akili hii, kwa nini hukunijia kabla ya soko? Nimemshinda Kiboko, nimelishinda Baraza zima, na mwanangu yuko palepale nilipomlaza. Basi jua likizama mkasikia pimbi analia huko maweni, msimtupie vijiwe. Anamwita mwanawe aliyemtuma chumvi. Anamwambia rudi, mama, chumvi siitaki tena.

Hadithi yangu nimeisimamisha hapa, haina nyasi, ina chokaa tu. Ikimwangukia mtu, mlaumuni mvua.

Mnataka funzo? Haya, chukueni. Mtoto mwema haegemei ukuta. Mama mwema haishiwi chumvi. Na Baraza likisema limekagua, ujue limekagua, na kadogo kasijifanye kana akili kuliko wakubwa. Mmesikia? Ukuta!

Usimame!

Mwanatumu! Nimekwambia nini kuhusu ukuta huo? Toka hapo. Njoo mwanangu, njoo ukae hapa, karibu yangu.