Kezia na Duara la Viti

Watu wengi hudhani kwamba anayenyamaza amekubali. Si kweli. Kimya ni chungu kilichofunikwa: mpita njia huona kifuniko tu, lakini mwenye jiko anajua kuna kitu kinachotokota ndani. Kezia alilijua hilo baada ya kuaibika, na heri kuaibika mapema kuliko kujuta baadaye.

Kiwanda cha siagi ya njugu alichokisimamia kilikuwa kando ya barabara ya Asumbi, na wakati wa mchana kilikuwa mahali pa ndoto. Maganda mepesi yalielea katika mwanga wa madirishani, harufu ya njugu zilizokaangwa haikutoka hewani, na mlio wa kubangua ulisikika kama manyunyu juu ya bati. Kezia, mzaliwa wa Ukuriani upande wa Migori, alizoea kusimama mlangoni akisikiliza mpaka asahau alikuwa anakwenda wapi.

Siku moja Bi. Emmaculate, mwenye kiwanda, alimpigia simu.

"Kezia, nahamisha kiwanda Migori mjini. Hapo Asumbi stima inapotea kila saa. Nataka watu wetu waende wote, kwa sababu wanajua kazi. Ongea nao. Wakikataa, nitaajiri wengine huku, na hao watabaki nyumbani."

Kezia aliketi juu ya gunia la njugu. Aliwapenda watu wale kama ndugu zake, na sasa riziki yao ilikuwa mikononi mwake. Alijipa moyo, maana alikuwa ametoka majuzi kwenye semina ya viongozi wa kazi kule Homa Bay, katika ukumbi uliotazamana na ziwa. Mwalimu wa semina alikuwa amewafundisha mambo mawili: waketishe watu kwa duara ili pasiwe na mkubwa wala mdogo, na ukishauliza swali, nyamaza ungoje. La kwanza lilikuwa rahisi, kwani viti hubebeka. La pili Kezia alilisikia nusunusu, macho yake yakiwa yamezama majini.

Basi akapanga duara. Mama Teresa, mkubwa wa wanawake wabanguaji, akaketi uso kwa uso na Nicholas, fundi wa mashine ya kusaga. Nicholas alikuwa amemwoa Liz, binti wa Mama Teresa, na kwa Wajaluo mama mkwe, yaani maro, hatazamani ana kwa ana na mkwewe, sembuse kubishana naye. Kazini mmoja alikuwa bandani na mwingine nyuma ya ukuta wa mashine, na heshima ikakaa mahali pake. Kezia aliyajua hayo yote. Hata kwao mkwe huheshimiwa vivyo hivyo. Lakini duara lilikuwa limemlevya. Alijiambia kwamba kazini wote ni sawa.

"Tunahamia Migori," akasema. "Kuna mwenye neno?"

Mama Teresa aliinamisha uso. Nicholas aligeukia dirisha. Wengine waliona mkubwa wao amenyamaza; nani angethubutu kumtangulia? Kimya kikatanda, nacho kikamtisha Kezia, akaanza kukijaza maneno kama mtu anayeziba shimo: nyumba za kupanga ziko, nauli iko, Migori ni kuzuri.

"Kwa hivyo tumekubaliana?"

Kimya.

"Asanteni sana!" Akapiga makofi peke yake, kisha akampigia Bi. Emmaculate. "Madam, wamekubali wote."

Jumatatu lori likaja. Hakuna aliyetokea. Jua lilipanda, maganda yakatulia sakafuni, na banda likawa kama nyumba iliyohamwa. Bravin, dereva wa lori, alikaa kivulini akitafuna muwa.

"Msimamizi, watu wako wapi? Ama nibebe viti?"

Simu ikalia. Bi. Emmaculate alikuwa mkali kama pilipili. "Uliniambia wamekubali! Kufikia jioni lori liwe na watu, ama niajiri wengine."

Kezia alilia bila kujificha. Kisha akajipangusa na kwenda nyumbani kwa Mama Teresa, akamkuta akianika njugu uani.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Nyathina," akasema mama huyo kwa upole, maana ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu, "uliniweka uso kwa uso na bwana ya Liz. Mimi niseme sitaki, yeye aseme anataka, si hiyo ni vita na mkwe? Na hawa wengine wangeongea aje kabla yangu? Tulinyamaza. Wewe ukapiga makofi."

Kezia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Rudini mchana huu, mama. Viti nitaviondoa."

Walirudi. Kezia alikuwa ametundika magunia kwenye kamba, wanaume upande wa mashine, wanawake upande wa njugu, kila mtu na rundo lake la kubangua. Akauliza swali moja tu: "Mnaogopa nini kuhusu Migori?" Kisha akaketi chini, akachukua njugu, akanyamaza.

Kimya kilikua. Maneno yalimpanda kooni, akayameza. Maganda yalidondoka taratibu, mwanga ukasogea ukutani, na ilionekana kana kwamba banda zima limesinzia na kuota ndoto moja.

"Shamba langu," Mama Teresa akasema bila kuinua kichwa. "Nikienda Migori nani atavuna? Na hizi njugu si zinatoka kwa mashamba yetu?"

Hapo ndipo kifuniko kilipofunuka. Mmoja alikuwa na mume mgonjwa, mwingine watoto wa shule, mwingine mama mzee. Walisema wote kwa pamoja, na Kezia akasikiliza. Walipopoa, sauti ya Nicholas ikatoka nyuma ya magunia.

"Mimi nataka kwenda. Mashine inataka stima. Lakini mikono ya kubangua haitaki stima."

Wote wakatulia wakimngoja mkubwa wao.

"Mwenye hiyo sauti ameongea vizuri," Mama Teresa akaliambia rundo lake la njugu, na banda likaangua kicheko.

Kezia akapiga simu. Mashine iende Migori pamoja na Nicholas na vijana wake, akaeleza. Kubangua na kukaanga kubaki Asumbi, karibu na mashamba. Bi. Emmaculate hakujibu. Zamani Kezia angemwaga maombi juu ya maombi. Sasa alishika simu tu, akatazama maganda yakielea, akangoja mpaka hata Bravin akaacha kutafuna muwa.

"Kezia!" Sauti ilitoka simuni kwa nguvu hata wote wakasikia. "Pakia mashine. Wamama wabaki na kazi yao. Na wewe utasimamia kote kuwili!"

Vigelegele vya Mama Teresa vilitikisa mabati, na upande wa pili wa magunia mkwewe akajibu kwa mbinja ndefu. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.