Jabali Limesema Mfukuze

Paukwa!
Pakawa!

Wa nyuma, mmemeza ndimi? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, mawingu yalipokuwa yakishuka kulala majanini, palikuwa na Jabali. Wanyama waliliabudu. Kila jambo waliliuliza, nalo likawajibu.

Kiongozi wa ibada alikuwa Mzee Ngiri. Ngiri hupiga magoti hata akila majani, basi wenzake wakadhani anasali kutwa!

Mfagiaji wa Jabali alikuwa Bi Pimbi. Fya, fya, fya, kila alfajiri.

Kiangazi kikakaza. Kikabaki kidimbwi kimoja. Asubuhi moja, ndani ya ukungu, akatokea mtoto wa digidigi, miguu kama vijiti. Mama hana.

"Naomba maji," akasema.

Wanyama wakakimbilia kwa Jabali. Ngiri akapaza sauti: "Tumfukuze, au tusimfukuze?"

"...mfukuze... fukuze... kuzeee..."

"Limenena! Bi Pimbi, mpeleke nyikani."

"Nyikani atakufa, Mzee."

"Unabishana na Jabali, mama?"

Bi Pimbi akashika ufagio. Akamkuta mtoto amelala kando ya kidimbwi, anaramba maji ya ndotoni, lamu, lamu, lamu. Ukungu ukawafunika wote wawili. Ufagio ukamponyoka, pu!

Akalirudia Jabali, akauliza: "Nimfukuze, au nimwache?"

"...mwache... ache... cheee..."

Bi Pimbi akashtuka. Akajaribu tena: "Ngiri ni mrembo!"

"...mrembo... rembo... embo..."

"Loo! Hapo sasa limedanganya."

Ngiri akaja mbio, kundi zima nyuma yake. "Nani anamchezea Mkubwa?"

Bi Pimbi akajaza kifua: "Mtoto atakaa!"

"...atakaa... kaa... kaaa..."

Wote wakaanguka kifudifudi. "Jabali limesema akae!"

Bi Pimbi angenyamaza, yangeisha. Hakunyamaza.

"Nimesema mimi. Jabali limeitikia tu."

Vichwa vikainuka. Hata ukungu ulisimama.

"Sasa tutamuuliza nani?" Ngiri akanong'ona.

"Mtazame mtoto, Mzee."

Ngiri akashuka kidimbwini, akamtazama. Akamtazama sana. Kisha akapiga magoti, na safari hii si kwa kula. Akasukuma tope kwa pua, maji yakamfikia mtoto.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Funzo ni hili: sauti ya juu ikikuamuru umtese mnyonge, isikilize vizuri. Huenda ni yako mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mlioitikia "Pakawa" bila kujua kwa nini, nawaona!