Fisi Mwalimu na Herufi za Namba

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nani?"
"Mwenye meno!"
"Na mwingine?"
"Mwenye maneno!"

Haya, sikilizeni. Na wewe unayepiga miayo huko nyuma, funga kinywa, nzi wataingia. Hapo kale palikuwa na Fisi, jitu zima lenye tumbo lisiloshiba. Alizoea kujibanza nyuma ya shule akingoja ukoko wa uji. Akangoja, akangoja, mpaka akajua herufi. Toka siku hiyo haitiki mpaka aitwe Mwalimu.

Siku moja njaa ikamuuma kwelikweli. Huyoo, mpaka jabalini kwa Bi Pimbi. Pimbi mnamfahamu: kama sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa na watoto watatu, wanono hao!

"Hodi! Nimekuja kula watoto."

Bi Pimbi aliogopa, jamani, nani asingeogopa? Lakini akasema, "Karibu, Mwalimu. Ila mila unaijua: mgeni hatii kitu kinywani kabla ya kitendawili. Ukitegua, kula. Ukishindwa, toa mji."

Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe! Kutoa mji si maneno tu? "Tega!"

"Chagua namba. Hesabu herufi zake, upate namba nyingine. Nayo hesabu herufi zake. Endelea hivyo hivyo, uniambie namba ya mwisho."

Fisi akachora mchangani, kwaru-kwaru. "Sita: herufi nne. Nne: herufi tatu. Tatu: herufi nne. Nne: tatu. Tatu: nne. Ala!"

Akafuta. Akaanza na mbili. Mbili ikampa tano, tano ikampa nne, nne ikampa tatu, tatu ikamrudisha kwenye nne. "Ala! Si hapa nimetoka sasa hivi?"

Akaanza na kumi. Kwaru-kwaru. Nne, tatu. Nne, tatu. Jua likamchoma utosi. Maskini, alikuwa akihesabu sawasawa, na hilo ndilo lililomvuruga. Angekosea, angejua pa kurekebisha. Akawatazama wale watoto: mara wanne, mara watatu, mara wanne. Kichwa kikamzunguka kama pia.

"Nimeshindwa! Chukua mji. Chukua Tabora!"

"Una wenyewe huo."

"Chukua Mombasa!"

"Joto. Nipe mji wako mwenyewe, Mwalimu."

"Basi chukua pango langu, nipe jibu!" Wallahi, alitaka jibu kuliko nyama.

Bi Pimbi akabeba wanawe, vup! mpaka pangoni kwa Fisi, akaketi mlangoni kama mwenye mji. Fisi nyuma yake, anahema.

"Jibu, bibi!"

"Jibu ni kwamba haina mwisho."

Fisi akakuna kichwa. "Sawa. Haina mwisho. Lakini... ni nne au tatu?"

"Ingia tuzungumze. Ila hapa sasa mgeni ni wewe, na mila unaijua. Kitendawili!"

Fisi hakusema tega. Alikata mbuga, pu-pu-pu, akaacha hata mkia nyuma kidogo!

Basi funzo ni hili: msisome, wanangu. Mmeona kusoma kulivyomlaza Mwalimu nje? Bi Pimbi alizijua wapi herufi, hayo msiniulize. Hadithi imefika mlangoni: utamu wake gawaneni, uongo wake mpelekeeni Fisi.