Giaboksi Aliyoililia Pimbi

Wenye masikio!
—Tupo!
Masikio ya kusikia au ya kuning'iniza hereni?
—Ya kusikia!
Basi nyamazeni, naanza.

Hapo kale, si kale sana maana mota zilikuwepo, jiwe liliporomoka mlimani, gudu-gudu-gudu, likaziba chemchemi. Wanyama wakakauka makoo. Wakakubaliana washindane: kila mmoja aunde mkono wa chuma, na ambaye mkono wake utaliinua jiwe, huyo ndiye bwana wa maji.

Kiboko akacheka. "Nikishinda, naoga kwanza. Nyie mtakunywa nikitoka."

Na mnajua Kiboko akitoka kuoga maji hubaki vipi.

Bi Pimbi alikuwa na watoto wadogo, wanalamba umande mawe kwa mawe. Akasema moyoni, "Tope sinywi. Wanangu hawanywi tope. Liwalo na liwe!"

Akaunda mkono wake, akaujaribu kwa gogo zito. Mota ikanguruma, nguuu. Giaboksi, lile sanduku la gia, ikasaga, krrr, krrr, kak! Meno ya gia yakapasuka. Pimbi akaketi chini, roho ikamuuma kweli. Giaboksi yenyewe ilikuwa kubwa, ya shaba, inang'aa. Giaboksi nyingine aliyobakiwa nayo ilikuwa kuukuu, imetolewa kwenye winchi, ina kutu, inazunguka polepole kama bibi anayechambua mchele. Mzigo inauweza, lakini nani ataipenda?

Siku ya mashindano ikafika. Kulikuwa na desturi: kila mshindani humwaga vifaa vyake jamvini, na mwenye uzito mkubwa huchagua kwanza kifaa kimoja, hata kiwe cha mwenzake. Desturi hiyo aliitunga nani? Msiniulize, mnamjua.

Pimbi akamwaga vyake. Ile ya kutu akaisogeza mbele. Ile ya shaba akaifunika kwa kanga, akaikumbatia, akaangua kilio.

"Mzee Kiboko, chukua vyote, hii niachie!"

"Lete."

"Mzee, hii mbovu. Imepasuka meno."

"Mbovu, na unaililia? Lete!"

"Haki ya Mungu, mzee, ukiitwika mzigo itakatika."

"We kijitu, unamdanganya nani? Lete!"

Pimbi akaachia.

Korongo, mwamuzi, akapuliza kipyenga. Priii! Kiboko akaifunga giaboksi ya shaba kwenye mkono wake, mkono ukalishika jiwe. Nguuu! Jiwe likatikisika. Wanyama wakashika vichwa. Pimbi akaingiwa na hofu: na je, ikishika? Wanangu watakunywa nini?

Kiboko angetulia hapo, leo tungekuwa tunakunywa tope. Lakini Kiboko ni Kiboko. Akapanda juu ya jiwe, akapiga kifua.

"Tazameni! Naliinua jiwe na mimi mwenyewe juu yake!"

Krrr. Krrr. Kak-kak-kak! Meno ya gia yakaruka kama bisi. Mkono ukalala chali, Kiboko akabingirika mpaka kwenye miiba.

Zamu ya Pimbi. Giaboksi ya kutu ikaanza: kwi... kwi... kwi...

"Utafika lini?" wakamzomea marafiki wa Kiboko. "Nenda kalale!"

"Zomeeni mpaka mchoke," akajibu Pimbi. "Mimi sitoki hapa."

Kwi... kwi... Jiwe likainuka upana wa kidole. Ukatosha. Maji, bwaaa! Watoto wa Pimbi wakatumbukiza nyuso zao humo.

Kiboko akaja mbio, miiba imejaa matakoni. "Umenidanganya!"

"Nilikwambia imepasuka meno."

"Ndiyo! Ulisema kweli makusudi, ili nisikuamini!"

"Pole, mzee. Panga foleni. Hapa wanaanza kunywa wadogo."

Haya, funzo lenyewe. Watoto, waheshimuni wakubwa. Mkubwa akikitaka kitu chako, usimbishie: mweleze ukweli wote, kisha mpe, tena umpe kwa mikono miwili.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye nguvu aubebe.
—Tumeubeba!
Polepole basi.