Shangazi wa Kangemi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kuwa anayewachezea watu wake ndiye apewaye tuzo, ilhali anayetokwa na jasho ugenini huenda akarudi mikono mitupu.

Veronicah Nasimiyu alikuwa fundi wa kompyuta, mkaazi wa mtaa wa Kangemi. Miaka kumi na sita iliyopita, vijana wa Nairobi waliopenda michezo ya mtandaoni walilazimika kucheza kupitia mitambo iliyokuwa Ulaya. Mchezo ulikwamakwama, kabla hujanyanyua silaha, mpinzani alikuwa amekwisha kukuua. Nasimiyu akakusanya vipuri, akaunda seva yake mwenyewe ya kuwaunganisha wachezaji wa hapa nyumbani, akaiweka chini ya kitanda. Aliwapangia mashindano, akawafunza wanaoanza kucheza, akawafukuza watukanaji. Mtandaoni wote walimwita Shangazi. Nyuso zao hakuzijua, wala wao hawakuujua wake.

Baadaye kampuni moja ya ng'ambo ilimwajiri asimamie wachezaji wake wa Afrika. Alizima seva yake, akaitumikia kampuni hiyo kufa kupona kwa miaka tisa. Macho yakafifia, mgongo ukapinda. Siku kampuni ilipowatuza waasisi wa michezo hiyo, aliitazama sherehe kwenye simu, chumbani kwake. Jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwezi uliofuata aliachishwa kazi kwa barua pepe ya mistari miwili.

Tangu hapo akawa anatengeneza printa katika ofisi za mjini, mchezo hataki hata kuuona. Hivyo, mwaliko wa chama cha wachezaji wa Kenya ulipofika, aliusoma kisha akailaza simu kifudifudi.

"Wanawatuza waasisi Jumamosi," alimwambia dada yake, Philister, aliyekuja kumtembelea kutoka mtaa wa Satellite. "Siendi. Nimechoka."

"Umechoshwa na nani, Vero? Hawa au wale?"

"Wale. Lakini hawa ndio niliowakosea. Niliwazimia seva nikaenda kwa wageni. Nitawatazama kwa macho gani?"

"Kwa hayo hayo mawili," Philister akasema. "Vaa viatu vyako siku hiyo, twende."

Jumamosi mchana walipanda ngazi za ukumbi mmoja katikati ya jiji, Nasimiyu akipumzika kila ghorofa kama mzee wa miaka themanini. Ndani hakuona vijana aliowatarajia. Aliona watu wazima, wengine wamepata upara, wengine wamepakata watoto.

Jina lake lilipotajwa alipanda jukwaani, akapokea tuzo.

"Mlinijua kama Shangazi," alisema. "Niliwaacha. Nisameheni." Kisha akaomba kiti, akaketi.

Mwanamume mmoja akasimama safu ya nyuma.

"Shangazi, mimi ni Muigai, natoka mtaa wa Jamhuri. Ulinifunza kucheza nilipokuwa nimelazwa hospitalini, mguu umevunjika. Miezi minne, wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza nimeamkaje."

"Na mimi Waithera," mwanamke mmoja akadakia. "Ulimfukuza mtu aliyekuwa akinitukana kila nikiingia. Ningekuwa nimeacha. Leo nabuni michezo, nimeajiri watu wanane."

Waithera akaja mbele, akavua leso yake, akamfunika Nasimiyu mabegani. Watu wakaondoka vitini mmoja mmoja, wakapanga foleni iliyofika mlangoni, kila mmoja akitaka kumpa mkono. Mshereheshaji aliwasihi warudi wakae, hakuna aliyemsikiliza.

Mgongo bado ulimuuma Nasimiyu, na uchovu wa miaka tisa hauponi kwa alasiri moja. Machozi yalimtiririka, lakini hakumharakisha mtu. Aliushika kila mkono, akauangalia kila uso, akauliza, "Na wewe ni nani?" Nao wakamjibu, hadi wa mwisho.

Kweli mcheza kwao hutunzwa, hata akichelewa kurudi.