Fundi Aliyesema Jumamosi

Muuguzi mmoja alikuwa anabadilisha mashuka ya wodi ya watoto, mara mfanya usafi akaingia mbio.

"Sista, acha mashuka! Umeme ulikatika kidogo, umerudi, lakini kompyuta inayoendesha oksijeni imeganda!"

"Si ilitengenezwa?"

"Ndiyo hiyohiyo!"

Watoto saba walikuwa wanapumua kwa kuitegemea. Wiki mbili nyuma ilikuwa inaganda hovyo, fundi akabandika kiraka cha programu kwenye kiini cha mfumo wake huku inafanya kazi, bila kuizima, bila kumhamisha mtoto hata mmoja. Alipigiwa makofi, na alistahili. Lakini kiraka cha namna hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Kompyuta ikizimika, kinafutika. Muuguzi alimwambia siku ileile, "Kaka, taja siku niazime mitungi ya oksijeni, tuizime kompyuta, uyaandike marekebisho humo ndani yabaki."

"Dada nawe! Inafanya kazi, unataka nini tena? Jumamosi."

Jumamosi ya kwanza alikuwa harusini. Ya pili, mpirani.

Sasa kompyuta imeamka na ugonjwa wake wa zamani, na wodini kuna mitungi minne. Muuguzi na akina mama wakawa wanawapokezanisha watoto, huyu pumzi kumi, yule pumzi kumi, mmoja midomo imeshabadilika rangi. Fundi akafika anahema.

"Lakini mimi niliitengeneza!"

"Uliituliza," muuguzi akasema bila kumtazama. "Zima. Andika. Washa."

Ilimchukua dakika ishirini. Dakika ishirini, ndugu zangu! Alizikosa wiki mbili nzima?

Mnamkasirikia? Hata mimi. Lakini nani hapa alilia Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, tukampigia makofi, na Jumatano mkewe akaja kwangu jicho limevimba? Nani aliapa kuacha pombe, akaacha mpaka siku mshahara ulipochelewa? Na mimi niliyewaahidi wanangu kwamba sitawatukana tena, sikumaliza wiki. Toba yetu inakaa juujuu. Tukitikiswa kidogo, tunaamka walewale. Kuzimwa hatutaki, tunasema Jumamosi. Na anayekosa pumzi si sisi, ni wale waliolala humo ndani wanatutegemea!

Jioni ile muuguzi aligawa uji, akahesabu vikombe, kisha akahesabu vichwa. Saba. Wote wapo.

Na kwako?